Yale mawili matatu uliyoyaacha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Tanga, nalipwa kwa stori. Mwezi uliopita niliandika makala ndefu kuhusu mama muuza samaki ambaye kibanda chake kilivunjwa pamoja na vya wenzake, wakaambiwa wapishe barabara. Sikuiandika kama habari ya kawaida. Niliisimulia kama hadithi, tangu anapoamka usiku kwenda mnadani. Kuna mambo mawili matatu niliyaacha ili yasiharibu mtiririko. Makala imesambaa WhatsApp na Instagram kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Sasa kuna vijana wanaharakati wananiomba niwe msemaji wa kampeni yao, niandike na stori nyingine tatu chini ya alama yao ya reli (hashtag). Mhariri wangu anasema nimeshakuwa mwanaharakati, nichague moja. Mtu akisimulia mateso ya watu mtandaoni mpaka watu wakaamka, bado ni mwandishi wa habari? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye sentensi moja, wala si ile ya mhariri wako. Ni hii: "Kuna mambo mawili matatu niliyaacha ili yasiharibu mtiririko." Umeipitisha harakaharaka, kama abiria anayesukumia mzigo chini ya kiti kabla kondakta hajauona. Tutairudia. Kwanza tumalizane na mhariri.

Mhariri wako namwelewa, maana kiti hicho nimekikalia miaka mingi. Anajua gazeti lina leseni, lina matangazo yanayoweza kuondolewa, lina mwanasheria anayepiga simu saa nne usiku. Anaijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kifungu chake cha taarifa za uongo, anaijua na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kwa hiyo katika vyumba vyetu vya habari neno "mwanaharakati" mara nyingi halielezi kazi ya mtu. Ni onyo. Maana yake: ukikamatwa, usitutaje. Lichukue hivyo, usilichukue kama fasili ya taaluma.

Maana huko kuwagawa watu mafungu mawili, waandishi huku na wanaharakati kule, ni mambo ya juzi tu. Siti binti Saad, Zanzibar ya miaka ya 1920, aliimba kesi za mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja kutoka bara. Muuaji akatoroka, na waliofungwa wakawa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi. Una tukio, una watu, una hukumu iliyopinda, na msikilizaji anatoka pale anajua kabisa mwimbaji yuko upande gani. Ile ni habari au ni harakati? Waliokuwa wanamsikiliza Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, hawakuona haja ya kuuliza.

Kwa mfano wa gazeti kabisa, nenda Memphis, Marekani, Machi 1892. Watu Weusi watatu waliohusika na duka la vyakula lililokuwa likimnyang'anya Mzungu mmoja wateja walitolewa mahabusu na kundi la Wazungu, wakauawa. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa rafiki wa Ida B. Wells, aliyekuwa mwandishi na mmiliki mwenza wa gazeti dogo liitwalo Free Speech. Wells alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa Moss. Aliandika kwa ukali, na Mei mwaka uleule ofisi ya gazeti ikavunjwavunjwa yeye akiwa safarini, akaambiwa akirudi atauawa. Tangu hapo akawa anaandika na kuhutubia, akaenda hadi Uingereza kutafuta watu wa kupaza sauti. Hakuna mhariri duniani ambaye angemwita mtu asiye na upande.

Lakini tazama alivyofanya kazi. Wazungu wa Kusini walidai wanaoadhibiwa hivyo ni wabakaji. Wells hakujibu kwa matusi. Alikaa akapitia kesi moja moja, akaonyesha kwamba ni kama theluthi moja tu ya waliouawa ndio waliokuwa hata wametuhumiwa kwa ubakaji, sembuse kuthibitishwa. Na alipochapisha kijitabu chake cha 1895, hesabu za vifo alizichukua kwa Chicago Tribune, gazeti la Wazungu wenyewe, ili mtu asije akasema mama huyu kajitungia. Hasira alikuwa nayo, tena ya mtu aliyefiwa. Ila hesabu alizitoa pale ambapo adui yake hakuweza kuzikana. Bodi ya tuzo za Pulitzer, tuzo kubwa za uandishi Marekani, ilimtunuku mwaka 2020, miaka karibu 90 baada ya kufa kwake. Nadhani hili linatosha kwa mhariri.

Sasa turudi kwako. Makala yako niliitafuta nikaisoma. Ule mwanzo wa mama kuhesabu noti gizani kwa kuzipapasa, elfu kumi kwa ukubwa wake na elfu mbili kwa uchakavu wake, kwa kuwa hataki kumaliza chaji ya simu, ule ni mwanzo wa mtu mwenye jicho. Mwenzako aliyeandika kuhusu ubomoaji huohuo kwa aya sita, nani kasema, vibanda vingapi, lini, hakukosea kitu. Ila vijana hawakumfuata yeye, wamekufuata wewe. Umejiuliza kwa nini?

Simulizi inataka mtu wa kumpenda, mtu wa kumchukia, na mwisho unaosubiriwa. Kampeni nayo inataka hivyohivyo vitatu. Ndipo zinapokutana, na ndipo unapoanza kuvutwa bila mtu yeyote kukushika mkono. Mtu wa kumpenda akiwa na doa, simulizi inachechemea na kampeni inachechemea. Basi unafuta doa dogo. Hujadanganya mtu, umenyamaza tu mahali fulani, na makala imekuwa tamu zaidi.

Nayasema haya kwa sababu mimi nililifuta. Ni zamani kidogo, WhatsApp ikiwa imeanza kuenea, katika mji wa pwani nisioutaja. Mzee mmoja mwenye minazi alichukuliwa shamba na mwekezaji. Nilikaa naye siku nne, nikaandika ukurasa mzima na nusu. Mzee alinionyesha kila kitu, pamoja na karatasi moja aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na kadi ya kliniki ya mkewe. Ilikuwa stakabadhi ya awamu ya kwanza ya fidia. Fedha yenyewe kichekesho. Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba, wino wa zambarau. Nikajiambia: hela hii ni ndogo, ameichukua kwa kubanwa, msomaji hataelewa, na aya itakuwa nzito. Nikaiacha.

Wiki ya pili picha ya karatasi ile ilikuwa kwenye kila kundi la WhatsApp la mji ule. Kidole kilikuzwa mpaka mistari yake inahesabika. "Mzee tapeli, kala hela, anataka na shamba." Vijana waliokuwa wanamchangia nauli ya kwenda mahakamani wakapotea mmoja mmoja. Mzee hakuwa amesema uongo hata neno moja, mimi ndiye niliyekata. Niliporudi kumwona hakunilaumu. Mkewe ndiye aliyeniletea maji ya kunywa, akasimama pale akiwa ameshika trei, akaniuliza, "Kwani baba, ile karatasi hukuiandika?"

Na la kuuma zaidi kitaaluma ni kwamba karatasi ile ndiyo ilikuwa tukio bora la makala yote. Mzee asiyejua kusoma, amekalishwa kwenye benchi la ofisi, nje gari linanguruma halijazimwa injini, mtu anamshika kidole na kukipeleka kwenye wino. Ningeiandika, hakuna ambaye angeweza kuja nayo kama siri. Nilitupa lulu nikidhani natupa doa.

Usidhani basi ni kosa la sisi waandishi wa mikoani tusio na mafunzo. Lipo la kimataifa, na lilitokea kwa jirani. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children liliweka mtandaoni filamu ya nusu saa iitwayo Kony 2012. Ndani ya siku sita ilikuwa imeshatazamwa zaidi ya mara milioni 100, na wakati huo hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo. Kwa ufundi wa kusimulia, ilikuwa imepikwa ikaiva. Msimulizi, Jason Russell, anamkalisha mwanawe mdogo na kumweleza nani mtu mbaya. Mtu mbaya ni Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, mteka watoto, aliyetolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005. Na mwisho unaosubiriwa uko mikononi mwako wewe mtazamaji: sambaza, vaa bangili, bandika bango, Kony atakamatwa mwaka huuhuu.

Uovu wa Kony haukuwa uongo, watu wa kaskazini mwa Uganda waliuishi miaka karibu 20. Lakini LRA walishaondoka Uganda tangu mwaka 2006 hivi. Wakati filamu inatoka, walikuwa mabaki ya wapiganaji wanaohangaika kwenye misitu ya Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Filamu ililigusa hilo kwa sekunde chache, ikapita. Lingeharibu mtiririko.

Kisha likaja jambo ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wote. Tarehe 13 Machi shirika la wenyeji, AYINET, likiongozwa na Victor Ochen, lilifunga skrini uwanjani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, ili wale wenyewe waliotendewa waione filamu inayowahusu. Watu walifika kwa maelfu, wengine wametembea, wengine kwa baiskeli. Walikuja kujiona. Wakamwona baba wa Kizungu na mwanawe, wakaona umati wa vijana wa Marekani, wakaona jina la mtu aliyewaua ndugu zao limechapwa kwenye fulana na bangili kama la mgombea. Minong'ono ikawa kelele, kelele zikawa mawe, na maonyesho mengine yaliyokuwa yamepangwa yakasimamishwa. Usiku wa tarehe 20 Aprili, ambao dunia nzima ilitakiwa kubandika mabango, mitaa mingi iliamka mitupu. Kony hajakamatwa mpaka naandika haya.

Mimi huiita skrini ya Lira. Kabla makala haijatoka, ifunge kichwani: watu ninaowaandika wamekaa chini mbele yake, nami nimesimama kando, siwezi kukimbia. Watajiona? Au wataniona mimi? Kuna wanaharakati wangefaulu mtihani huo vizuri kuliko waandishi wengi ninaowajua, na kuna makala za magazeti makubwa zingepigwa mawe dakika ya tano.

Kuna jambo jingine linalotenganisha enzi zako na zangu. Makala yako ina maneno kama 3,000, lakini makala hiyo haikusambaa. Kilichosambaa ni picha ya skrini ya aya moja, ile ya mgambo anapiga teke beseni na vibua vinamwagika kwenye vumbi. Mimi nimetumiwa mara mbili na watu wasiofahamiana. Zote mbili hazina jina lako. Moja imeandikwa juu kwa maandishi mekundu kuwa ni Mwanza. Zamani sisi tuliweza kuweka kauli ya mtendaji aya ya tisa tukalala usingizi, maana ukurasa ulikaa pamoja mpaka kesho yake ulipofungiwa maandazi. Sasa aya inakatwa inakwenda peke yake, na maandazi hayaji kuifunga. Kwa hiyo jambo lolote linaloirekebisha aya nzito liweke ndani ya aya hiyohiyo. Kama mgambo yule alisema kitu kabla ya teke, kiwe palepale kabla ya teke. Ukikiweka chini, umekiacha.

Picha nazo hivyohivyo. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa, lakini ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, zinakwenda nayo. Anayejua kuzisoma anafika mpaka mlangoni kwa mama. Na mtoto wake aliyeonekana nyuma na sare ya shule, nembo inasomeka! Hapo nilikasirika kidogo, samahani. Huyo mtoto hakukubali kitu. Hata mama, sidhani kama alikubali kile kilichotokea. Alikubali kuandikwa gazetini. Ridhaa ya siku hizi inaulizwa hivi: mama, hii akiiona mwenyekiti wa mtaa? Akiiona anayekukopesha? Akiiona mwanao miaka kumi ijayo, imeandikwa mama yake alilia akagaragara? Ukimwuliza hivyo na bado akasema andika, umepata ridhaa. Na mara nyingi atakwambia, andika, ila hapo pa kugaragara toa. Toa.

Sasa nikuonyeshe mahali ambapo kazi hizi mbili zilikaa pamoja bila kumezana. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliokuwa wanaupinga Muswada wa Fedha walifika hadi bungeni Nairobi wakaingia. Risasi zikapigwa, watu wakafa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza hatausaini muswada ule. Karibu kila aliyekuwa pale alikuwa na simu mkononi, na video zilikuwa mtandaoni kabla damu haijakauka. Mtu angedhani kila kitu kimeshajulikana. Hapana. Video elfu moja za kelele na kukimbia hazikwambii nani alimpiga nani.

Aprili 2025 kitengo cha Africa Eye cha BBC kikatoa filamu ya Blood Parliament. Waandishi walikuwa wamechambua picha zaidi ya 5,000. Waliulinganisha muda ulioandikwa ndani ya kamera, muda wa matangazo ya moja kwa moja, hata saa za barabarani zinazoonekana kwa nyuma, mpaka wakajua dakika ambayo mtu alianguka. Wakajenga bunge upya kwa kompyuta na kumweka kila mmoja pale alipokuwa amesimama, kisha wakawabainisha askari waliofyatua. Sauti ya msimulizi imetulia kabisa. Haikuwa na haja ya kupiga kelele, maana saa ya ukutani ilishasema. Baada ya hapo mabango yakabadilika. Watu waliokuwa wanadai haki kwa ujumla sasa walikuwa wanauliza kuhusu bunduki fulani na mtu fulani. Onyesho lililopangwa Nairobi likafutwa, na watengeneza filamu wanne wakakamatwa wakihusishwa na kazi hiyo, ingawa BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Baadaye wakaachiwa.

Angalia mgawanyo wenyewe. Waandamanaji walipiga picha, waandishi wakathibitisha na kusimulia, waandamanaji wakachukua kilichothibitishwa wakaenda nacho barabarani. Lau waandishi wale wangekuwa wasemaji wa waandamanaji, serikali ingejibu kwa neno moja tu na mjadala ungeisha.

Ndiyo maana kuhusu usemaji, nakujibu bila kuzunguka: kataa. Vijana hao huenda wana haki kuliko wote katika jambo hili, na mimi siwadharau, maana mara nyingi wao ndio wanaolala kituoni. Lakini msemaji kazi yake ni kutetea uamuzi wa kundi hata siku kundi limekosea, na siku hiyo itafika. Takwimu yao moja itakuwa ya uongo, au mmoja wao atakuwa na maslahi kwenye kiwanja kilekile. Wewe utakuwa umekaa nao meza moja na vipaza sauti mbele yako. Stori tatu chini ya alama yao ya reli nazo kataa. Si kwa sababu ya alama, ila kwa sababu ya kitu ambacho hukukitaja: nani atazihariri, na nani atalipa nauli? Kama ni wao, basi. Bahasha ni bahasha hata ikitoka kwa mtu mwema.

Kama moyo wako unakwambia uvuke moja kwa moja, vuka, wala si aibu, ila vuka mchana watu wanakuona. Boniface Mwangi wa Kenya alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zile ambazo tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Siku ya Madaraka mwaka 2009 alisimama Uwanja wa Nyayo akamzomea Rais Kibaki hadharani, akakamatwa. Mwaka huohuo akaanza kuzizungusha picha zake mitaani, maonyesho ya Picha Mtaani, watu wakisimama mbele ya picha za majirani zao wakilia. Tangu hapo kila anayemsikiliza anajua anamsikiliza nani. Hata alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 akashindwa, hakuna aliyejiona amedanganywa. Anayenitia wasiwasi ni yule anayebaki na kitambulisho cha mwandishi shingoni na kampeni mfukoni.

Unachoweza kuwapa vijana wako ni kingi bila kuwa mtu wao. Wape kila ulichokwisha kukichapisha, pamoja na nyaraka ambazo zingeweza kutolewa kwa yeyote. Wakikosea idadi ya vibanda, waambie. Wakifanya maandamano, yaandike, na wakikimbia na michango ya watu, liandike na hilo. Mwambie na mhariri wako mpango huu kwa maandishi, mistari minne inatosha, ili siku ya simu ya saa nne usiku awe na kitu cha kumsomea mwanasheria.

Turudi kwenye ile sentensi. Sijui ni mambo gani uliyoyaacha, lakini nimesoma makala yako na kalamu mkononi nikitafuta neno moja: notisi. Halimo. Nikatafuta "hifadhi ya barabara". Halimo. Vibanda haviondolewi barabarani bila swali la notisi kuulizwa na mtu. Ama hawakupewa, na basi umeacha nje habari kubwa kuliko zote ulizoziandika. Ama walipewa, na hilo ni mojawapo ya yale mawili matatu. Nimeona pia umeandika kwamba wahusika "hawakupatikana". Ulipiga mara ngapi? Ulikwenda ofisini? Ulikaa kwenye benchi mpaka karani akachoka kukutazama? Kama ulipiga mara moja saa kumi na nusu jioni ya Ijumaa, andika hivyohivyo, uone itakavyosomeka.

Makala ya pili iandike upesi, kabla mtu mwingine hajakuandikia kwa picha ya karatasi. Sema waziwazi kwenye aya ya kwanza kwamba makala iliyotangulia iliacha jambo hili na hili, na kwenye ile ya zamani weka juu kabisa mstari unaompeleka msomaji kwenye hii mpya. Utapoteza baadhi ya walioipenda. Wengine watakuita umenunuliwa. Vijana wako huenda wakanuna wiki mbili.

Lakini kabla ya kuandika, nenda kamsomee mama ile ya kwanza yote, kwa sauti, mbele ya wenzake kama atakubali. Usiende asubuhi, nenda akishamaliza kuuza. Usilete kamera. Akicheka mahali ambapo uliandika kilio, weka alama pembeni. Kisha mwulize kuhusu notisi. Akikutolea karatasi, ipige picha pande zote mbili, maana tarehe waliyoipokea mara nyingi huandikwa nyuma, kwa kalamu ya mtu mwingine.